Mabaharia Mia Mbili Walikosa Nini?

Kila ninapofundisha hapa Kigoma shairi la Mwingereza Samuel Taylor Coleridge kuhusu baharia mzee aliyeua ndege, swali la kwanza huwa lile lile: ikiwa mabaharia wamezungukwa na maji, kwa nini wasichote wakanywa? Mtoto aliyekulia Ujiji au Kibirizi amewaona wavuvi wakichota maji ya Ziwa Tanganyika kwa kopo na kuyanywa, kwa kuwa ni maji baridi. Hivyo sina budi kuanza na chumvi kabla sijafika kwenye dhambi.

Shairi hilo lilichapishwa mwaka 1798, nalo lina sehemu saba. Beti zake nyingi zina mistari minne, na vina hukutana katika mstari wa pili na wa nne. Msomaji aliyezoea tenzi zetu, ambamo kina cha mwisho kiitwacho bahari hurudi kila ubeti hadi tamati, atagundua kuwa shairi hili la baharini halina bahari.

Dhoruba inaisukuma merikebu hadi kwenye barafu ya kusini. Anatokea albatrosi, ndege mkubwa wa baharini, mabaharia wanamlisha, barafu inapasuka na upepo mwema unavuma. Kisha baharia anamwua kwa upinde, bila kutaja sababu yoyote. Merikebu inapofika Ikweta, upepo unakatika, kiu inawakausha ndimi, na ndege yule anatundikwa shingoni mwa mwuaji. Mabaharia mia mbili wanaanguka mmoja mmoja na kufa.

Wanafunzi wangu hukimbilia methali: mchuma janga hula na wa kwao. Inakaribia, lakini naona inawahurumia mabaharia kupita kiasi, kwa maana wa kwao katika methali hawakushiriki kulichuma hilo janga. Katika sehemu ya pili, mabaharia wanaanza kwa kumlaumu mwenzao kuwa ameua ndege aliyewaletea upepo; jua linapochomoza na ukungu kutoweka, wanageuka na kusema alifanya vyema, kwani ndege huyo ndiye aliyeleta ukungu. Hawakulipima tendo, walipima hali ya hewa. Coleridge mwenyewe, alipolitoa tena shairi mwaka 1817 likiwa na maelezo pembeni, alieleza kuwa kwa kulihalalisha tendo hilo walijifanya washiriki wa kosa. (Maelezo hayo hunifaa darasani, ingawa kama msomaji ningetamani asingaliyaweka, maana yananitafunia chakula nilichotaka kukitafuna mwenyewe.)

Basi walioyumba na upepo wanakufa, naye aliyefyatua mshale anaachwa hai kati ya maiti. Ndege anamdondoka shingoni usiku wa mbalamwezi, usiku ambao wavuvi wetu wa dagaa hupumzika kwa kuwa taa zao hazina kazi, pale anapowatazama nyoka wa majini na kuwabariki bila kukusudia. Wanafunzi hudhani kisa kimekwisha, kumbe ni sehemu ya nne tu. Merikebu inakuja kuzama karibu na bandari ya kwao, mtawa anamsikiliza toba yake, lakini uchungu humrudia kwa saa asiyoijua, wala hautulii mpaka ampate mtu wa kumsimulia. Safari hii amemshika mgeni wa harusi, jamaa wa karibu wa bwana harusi, aliyekuwa akisikia shangwe za harusi ndani huku amezuiliwa njiani. Masimulizi yanapokwisha, mgeni huyo anaupa mlango kisogo na kuondoka bila kuingia.