Alama Ziko Kwenye Hatua

Swali lilihusu dunia kama tufe. Miji miwili iko kwenye longitudo moja ya nyuzi 40 mashariki. Mmoja uko nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, mwingine nyuzi 4 kusini. Tafuta umbali kati yake kwa kilomita, ukichukua nusu kipenyo cha dunia kuwa kilomita 6,400 na pai kuwa 3.14. Mtunzi hakutaja majina ya miji, lakini mtoto wa huku kwetu anaweza kuyajaza mwenyewe: nyuzi 10 kusini na 40 mashariki ni hapa Mtwara, kwa kukadiria, na nyuzi 4 kusini ni Mombasa. Swali lilikuwa na alama 4. Mimi ndiye niliyepangiwa kulisahihisha kwenye karatasi zote za mtihani wa utimilifu, ule wa kujipima kabla ya mtihani wa taifa tunaouita moko. Tulikaa darasani Masasi, kila mwalimu na swali lake, kalamu nyekundu mkononi.

Karatasi tatu zilifuatana, na tangu siku hiyo ndizo ninazozitumia kuwaeleza wazazi na wanafunzi namna Hisabati inavyosahihishwa.

Ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja: 1,563 km. Nilifunua hadi ukurasa wa nyuma nikitafuta pa kuweka alama, sikupaona. Sifuri.

Ya pili nayo ilifika 1,563 km, ila mwenyewe alikuwa ameandika njia yote. Alianza na 10 + 4 = 14. Hapo alikosea, kwa sababu miji yote miwili iko kusini, hivyo nyuzi zinatolewa, hazijumlishwi. Alama ya kwanza ikapotea. Mstari uliofuata akaandika kanuni: nyuzi gawanya kwa 360, mara 2, mara pai, mara nusu kipenyo. Kanuni sahihi, nikampa alama moja. Kisha akaingiza namba, 14 mahali pa nyuzi, 3.14 na 6,400 mahali pake. Hiyo 14 ni kosa ambalo ameshakatwa kwalo, na mwongozo wetu wa kusahihisha haukumkata mtu mara mbili kwa kosa moja. Alama nyingine. Jibu la mwisho halikuwa sahihi, akabaki na 2 kati ya 4.

Ya tatu iliandikwa 669.87 km. Ndilo jibu lenyewe, limepatikana kwa 6 gawanya kwa 360 mara 2 mara 3.14 mara 6,400. Lakini hayo ya kugawanya na kuzidisha nayaandika mimi. Yeye hakuandika hata moja. Maelekezo ya mtihani yanataka hatua zote zionyeshwe wazi, na mwongozo ulikuwa na alama 1 tu kwa jibu. Akapata 1.

Kwa hiyo aliyekosa alimpita aliyepata. Nikilisema hili kwenye mikutano ya wazazi, watu huguna, na naelewa kwa nini. Lakini fikiria upande wa msahihishaji. Anayoyaona ni karatasi tu. Hajui kama namba ile imetoka kichwani mwa mtoto, kwa jirani yake au kwa kubahatisha. Mtihani unapima kama mtoto anajua kutoka alipopewa hadi alipotakiwa kufika, na ushahidi wa safari hiyo ni mistari iliyo katikati.

Mimi ni mkufunzi wa Hisabati katika chuo cha ualimu hapa Mtwara, na kila mwaka nashika mamia ya karatasi za Kidato cha Nne kutoka Mtwara na Lindi. Najua kwamba katika mtihani wa taifa wa somo hili, wanaofeli ni wengi kuliko wanaofaulu, mwaka baada ya mwaka. Najua pia, kwa kuzisoma karatasi zenyewe, kwamba sehemu ya alama zinazopotea haipotei kwa ujinga. Inapotea kwa kutojua alama zimewekwa wapi. Hilo linaumiza, kwa sababu linaweza kufundishwa kwa wiki chache.

Tuanze na muundo. Kwa miaka ya karibuni, karatasi ya Hisabati ya Kidato cha Nne imekuwa na maswali 14 na yote ni ya lazima. Sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, jumla 60. Sehemu B ina maswali 4 ya alama 10, jumla 40. Muda ni saa 3, yaani dakika 180 kwa alama 100. Kila alama imepewa chini kidogo ya dakika 2. Swali la alama 6 lina dakika kama 11, la alama 10 lina 18. Mtoto anayeng'ang'ania swali moja la seti kwa dakika 30 ameshakula karibu muda wote wa maswali mengine mawili, na hata akilipata, hapewi zaidi ya 6.

Daraja D huanzia alama 30, C huanzia 45. Mtu mwenye 29 na mtu mwenye 30 hawatofautiani akili, ila mmoja ana F na mwingine amefaulu somo. Mwongozo wa kusahihisha nao haugawi alama kwa mafungu makubwa; mara nyingi hatua moja ina alama 1 au nusu. Kutoandika kizio kwenye jibu, kutoandika skeli ya grafu, kutotaja mhimili upi ni upi, kila kimoja kinaweza kuwa nusu. Mtoto akipoteza nusu kwenye maswali 10, hizo ni alama 5, na hajakosea hesabu yoyote.

Ninayoikuta mara nyingi kuliko zote ni kazi iliyokatwa. Mtoto ameanza vizuri, amefika mstari wa nne, namba ikatoka yenye desimali mbaya, akaogopa. Anachora mistari miwili juu ya kila kitu na kuhamia swali jingine bila kuandika mbadala. Kwenye mwongozo wa moko wetu, kilichokatwa hakisahihishwi. Naweza kusoma kabisa chini ya wino kwamba mistari mitatu ya kwanza ilikuwa sahihi, na siruhusiwi kuipa chochote. Mwanangu, kama huna kingine cha kuweka mahali pake, usikate. Kiache hivyo hivyo.

Jibu nalo lazima lirudishwe kwenye swali. Chukua shamba la mstatili ambalo urefu unazidi upana kwa mita 7 na eneo lake ni mita za mraba 120. Upana ukiwa w, tunapata w² + 7w − 120 = 0, na vigawo vyake ni (w + 15)(w − 8) = 0. Wengi hufika hapo salama, kisha wanaandika w = −15 au w = 8 na kuweka kalamu chini. Swali liliuliza upana na urefu, na upana wa shamba hauwezi kuwa hasi. Mstari mmoja wa kukataa −15, na mwingine wa kusema upana ni mita 8 na urefu mita 15, ndizo alama za mwisho za swali lile.

Hata lile swali la miji lingejikagua lenyewe. Ukitoka Mtwara ukaenda kaskazini nyuzi 14, unavuka Ikweta na kufika nyuzi 4 upande wa pili, karibu na mpaka wa Kenya na Ethiopia. Mombasa ungekuwa umeipita zamani. Mtoto anayejua kwamba Mtwara hadi Dar es Salaam kwa barabara ni kama kilomita 560 ana kipimo tayari mfukoni, na kilomita 1,563 ingetakiwa kumshtua.

Lugha ni jambo zito na sitalipita haraka. Mtoto wetu amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Anajua kipeuo cha pili, anajua kigawe kidogo cha shirika, anajua wastani. Kidato cha Kwanza anakutana na vitu vilevile vimevaa majina mengine, na miaka minne baadaye mtihani unamuuliza kwa Kiingereza. Kuna maneno machache ambayo yanabeba alama. Kwa mfano neno "hence". Likitokea kwenye kipengele (b), maana yake ni: tumia ulichokipata kwenye (a), usianze upya. Kama (a) ilikutaka uonyeshe kwamba a² − b² ni (a − b)(a + b), na (b) inataka 101² − 99² kwa neno hilo, unatakiwa uandike 2 mara 200, upate 400. Anayezidisha 101 kwa 101, akapata 10,201, akatoa 9,801, naye anafika 400, ila hajafanya alichoambiwa na anaweza kukosa alama za njia. Nawashauri walimu wa Kidato cha Kwanza wabandike ukutani orodha fupi ya maneno ya amri ya namna hiyo, kila moja na maana yake kwa Kiswahili, na waiache pale hadi Kidato cha Nne.

Mwezi Agosti mwaka mmoja alikuja mama kutoka Tandahimba na karatasi ya binti yake. Alikuwa na 26.

"Mwalimu," akaniambia, "huyu hesabu hazijui. Bora nijue mapema."

Nikamwomba tuifungue pamoja, na binti mwenyewe akae kati yetu. Swali moja lilisema mkulima alibakiwa na shilingi 1,260,000 baada ya makato ya asilimia 10. Alikuwa na kiasi gani kabla ya kukatwa? Binti alichukua asilimia 10 ya 1,260,000, akapata 126,000, akajumlisha: 1,386,000. Mama aliiangalia ile namba kwa muda.

"Si kweli hii. Ukiuza korosho, wanakata kwenye jumla. Hawakati kwenye ile uliyokwisha kuichukua mkononi."

Ndilo kosa lenyewe. Nilimwambia binti ajaribu jibu lake: 1,386,000 ukitoa asilimia 10 yake, ambayo ni 138,600, unabaki na 1,247,400, si 1,260,000. Kwa hiyo 1,260,000 ni asilimia 90 ya kitu kisichojulikana. Gawanya kwa 90, zidisha kwa 100, unapata 1,400,000. Mama hakupita sekondari. Kanuni ile alikuwa nayo miaka mingi, kaipata kwenye mzani wa chama cha msingi cha ushirika, na binti yake hakuwahi kufikiri kwamba somo la darasani na makato ya mama yake ni kitu kimoja.

Tulipomaliza kuipitia karatasi, tulihesabu alama 7 zilizopotea kwa vizio, kazi iliyokatwa na hatua zilizorukwa. Ishirini na sita na saba.

Walimu wenzangu, hapa naongea nanyi kama mtu niliyekosea. Nilipoanza kazi nilikuwa nasahihisha kwa kuangalia chini ya ukurasa. Jibu likiwa sawa, vema kubwa. Likiwa si sawa, kosa kubwa juu ya kazi nzima, na karatasi inayofuata. Nilikuwa na madarasa makubwa na nilijiambia sina muda. Nilichokuwa nawafundisha bila kujua ni kwamba njia haina thamani, na wakanielewa vizuri sana: wakaacha kuiandika. Siku hizi, kama siwezi kusahihisha mazoezi yote kwa undani, nachagua swali moja kwa wiki na kuweka vema au kosa mstari kwa mstari, pembeni, pale hasa kosa lilipozaliwa. Moja linatosha kwa mtoto kujua ni wapi alipinda.

Na wanafunzi wasahihishe wenyewe. Chukueni swali kutoka mtihani wa mwaka uliopita, kila mtu ajibu peke yake kwa dakika 11, kisha mbadilishane madaftari. Mwalimu aandike ubaoni mgawanyo wa alama, hatua kwa hatua, na kila mtu asahihishe kazi ya mwenzake kwa penseli, akitetea kila nusu aliyoitoa au kuinyima. Nimefanya hivi na vikundi vya Jumamosi hapa mjini na huko Nachingwea. Mtoto aliyewahi kutafuta pa kumpa rafiki yake alama asipaone, wiki inayofuata daftari lake hubadilika. Baraza la Mitihani la Tanzania nalo huchapisha uchambuzi wa namna watahiniwa walivyojibu kila swali, wenye picha za majibu halisi, mazuri na mabovu, na upo kwenye tovuti yake. Shule inaweza kuchapa kurasa za swali moja tu na kuzijadili kipindi kizima.

Mtihani wa taifa huja Novemba, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, na watoto wetu wengi huenda kuokota baada ya shule. Wazazi, kwa miezi ile miwili ya mwisho wapeni angalau siku tatu za jioni katika wiki, dakika 22 kila siku, za maswali mawili ya Sehemu A. Kama hujui hesabu zenyewe, bado unaweza kukaa hapo na saa, ukauliza "hii umeipataje?" kila anaporuka mstari.

Yule binti wa Tandahimba aliliandika upya swali la makato palepale kwenye meza yangu. Chini ya 1,400,000 akaongeza mstari ambao sikumwambia auandike: 1,400,000 − 140,000 = 1,260,000. Kisha akamsogezea mama yake daftari aangalie.