Kabla ya Lugalo paliitwa Colito

Ukipita Barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam, kutoka Mwenge kwenda Tegeta, lazima uipite kambi ya jeshi ya Lugalo. Wengi wanajua jina hilo limetoka Iringa, ambako tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walikisambaratisha kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Wachache wanakumbuka kwamba kambi hii iliitwa Colito, na kwamba maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 yalianzia humo ikiwa bado na jina hilo. Jeshi la zamani lilivunjwa, jina nalo likafutwa, na sioni kosa hapo: Lugalo ni jina letu zaidi. Ila huko Colito kwenyewe, Ethiopia, walipigana watu wa Tanganyika, na wajukuu zao bado wanauliza walizikwa wapi.

Colito ni mji mdogo kusini mwa Ethiopia. Kwenye ramani za leo utafute kwa jina la Halaba Kulito, karibu na mto Bilate. Mei 1941, katika Vita ya Pili ya Dunia, Addis Ababa ilikuwa imeshatekwa, lakini Waitalia walikuwa bado wameng'ang'ania eneo la maziwa huko kusini. Aliyekuwa akiwasukuma ni Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, na ndani yake mlikuwa na 1/6 KAR, yaani batalioni ya kwanza ya Keya ya 6. Keya ni King's African Rifles (KAR), jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza. Keya ya 6 ndiyo iliyokuwa ya Tanganyika.

Tarehe 19 Mei kombania mbili zilivuka mto chini ya risasi na kujishikiza ng'ambo. Ghafla vifaru vikatoka vichakani. Waliovuka wakavimiminia risasi za bunduki, na vifaru vikaendelea kuja.

Sajini Nigel Leakey, mzaliwa wa Kenya na wa ukoo mmoja na Louis Leakey, mtafiti wa binadamu wa kale wa Olduvai, alikuwa kwenye mota ya inchi 3, mzinga mdogo wa kurushia makombora. Makombora yalipomwishia, alirukia juu ya kifaru kimoja kilichokuwa kinawajia kwa nyuma, akaufungua mfuniko kwa nguvu, akampiga kamanda kwa bastola, kisha waliobaki, ila dereva. Dereva akalazimishwa kukiendesha kifaru hadi mafichoni. Leakey akajaribu kuutumia mzinga wa kifaru hicho, ukagoma.

Ukisoma haraka utadhani hadithi imetiwa chumvi. Ukiujua muundo wa vifaru vyenyewe utaona inawezekana. Vifaru vya uzito wa kati ambavyo Italia ilivileta upande huu wa Afrika vilikuwa M11/39, vyenye watu watatu ndani. Mzinga wa milimita 37 umefungwa mwilini, upande wa kulia, wala haumo kwenye kichwa kinachozunguka. Kichwani mna rashasha mbili za milimita 8 tu. Mzinga wa namna hiyo hugeuka kidogo sana, kwa hiyo kulenga shabaha ya pembeni kunataka kifaru kizima kigeuke. Na mtu akishapanda juu kabisa, silaha za kifaru hicho hazimpati tena. Hatari yake ni kifaru cha jirani.

Ndivyo ilivyokuwa. Leakey aliposhuka aliendelea kwa miguu, na hakuwa peke yake: alifuatana na sajini meja wa kombania, Mwafrika, pamoja na askari wengine wawili. Wakavinyemelea vifaru, wakaviacha viwili vya mbele vipite. Leakey akarukia cha tatu, akafungua, akaua mmoja wa waliokuwamo. Cha nne kikamdondosha kwa rashasha. Nishani yake ya Victoria Cross (VC), ya juu kabisa ya ushujaa kwa Waingereza, ilitangazwa tarehe 15 Novemba 1945, yeye akiwa marehemu kwa zaidi ya miaka minne.

Maelezo ya nishani yanampa Leakey jina na kikosi. Wale watatu waliokwenda naye mbele ya rashasha hizohizo hawakupewa hata jina moja. Hakuna askari Mwafrika wa Keya aliyepata VC katika vita ile. Waliotambuliwa walipewa nishani za chini yake, kama DCM (Distinguished Conduct Medal) na MM (Military Medal). Siku ya Mashujaa, 25 Julai, tunawakumbuka wote kwa pamoja kwa mkuki na ngao, sime, upinde na mshale. Kumkumbuka mmoja kwa jina lake ni kazi ya makaratasi.

Kazi hiyo huanzia kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, kifupi chake CWGC, ambayo mtu hutafuta bure mtandaoni. Ukiandika majina matatu ya babu kama yalivyo nyumbani hutapata kitu. Karani aliandika alichosikia, na mara nyingi aliandika jina moja tu. Jaribu jina lake peke yake, halafu la baba yake peke yake. Badilisha L na R, K na C. Jaribu Asani kwa Hassan na Sefu kwa Seif. Kisha chuja kwa jeshi na mwaka. Herufi T.T. kwenye jina la batalioni ni Tanganyika Territory, jina la nchi wakati wa Mwingereza. Halafu angalia tarehe. Orodha inachukua waliofariki kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947 kwa vita ya pili, na hadi 31 Agosti 1921 kwa ile ya kwanza. Aliyerudi nyumbani akafariki 1950 hayumo, hata kama jeraha ndilo lililomwua.

Kuna familia zinazoleta nyota ya shaba yenye ncha sita zikitegemea kusoma jina nyuma yake. Nyota za vita ya pili walizogawiwa askari wa Keya hazikuchorwa majina. Medali ya fedha ya 1914–1918 ndiyo yenye jina na namba ukingoni, kwa hiyo msiisugue kwa mchanga wala majivu. Herufi zenyewe ni nyembamba na zikifutika zimekwenda.

Makaburi ya vita yaliyopo Barabara ya Ali Hassan Mwinyi yana jambo la kujua kabla hujaingia. Makaburi 660 ya vita ya kwanza yalihamishiwa hapo mwaka 1968 kutoka Ocean Road, kupisha barabara. Ya Waafrika hayakuwa na alama ya mmojammoja, kwa hiyo walizikwa upya kwa pamoja. Ripoti ya CWGC yenyewe ya Aprili 2021 ilikiri kuwa marehemu wa vita ya kwanza wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Wa Colito usiwatafute hapo. Leakey, ambaye mwili wake haukupatikana, ameandikwa Nairobi, kwenye ukumbusho wa Afrika Mashariki ulio ndani ya makaburi ya vita, jirani na Barabara ya Ngong. Ukimpata babu kwenye orodha ya ukumbusho huo, nakili namba ya safu aliyoandikwa kabla hujakata tiketi ya basi.