Je, wajua kwa nini zilipendwa huinua ukumbi mzima?

Nenda kwenye usiku wa zilipendwa, yaani nyimbo za dansi za zamani, hapa Arusha, iwe Kaloleni au kule Njiro, umwangalie mama wa miaka 60 ambaye wiki nzima amekuwa akilalamikia magoti. Gitaa la kwanza la wimbo wa mwaka 1983 likilia tu, anaiacha nyama choma mezani na kuingia uwanjani. Wala haimbi kiitikio peke yake. Anaimba beti zote, mpaka majina ya wapiga magitaa yanayotajwa katikati ya wimbo. Mwombe akuimbie wimbo uliovuma mwaka jana, ataishia mstari wa pili. Kwa nini?

Jibu linaanzia kwenye umri. Mwaka 1986 David Rubin na wenzake, watafiti wa kumbukumbu huko Marekani, walionyesha kwamba watu wazima wakikumbuka maisha yao, matukio ya kati ya miaka 10 na 30 hujitokeza kwa wingi usio wa kawaida. Miaka mitatu baadaye Morris Holbrook na Robert Schindler waliwasikilizisha watu wa rika mbalimbali nyimbo za vipindi tofauti, wakakuta kwamba mtu hupenda zaidi nyimbo zilizovuma akiwa na miaka kama 24. Ni umri wa mshahara wa kwanza, chumba cha kwanza cha kupanga, na uchumba. Aliyezaliwa 1960 alifika hapo mwaka 1984, bendi za dansi zikiwa zimepamba moto.

Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alitaka kuona jambo hilo ndani ya ubongo wenyewe. Katika utafiti wake wa mwaka 2009, watu walisikilizishwa vipande vya nyimbo walizokua nazo huku ubongo ukipigwa picha. Wimbo ulipoibua kumbukumbu ya maisha, sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ilichangamka. Sehemu hiyo hufuatilia muziki, na hiyohiyo hushughulika na habari za mtu mwenyewe. Ndiyo maana mama yule hausikii wimbo tu. Anamwona na aliyecheza naye.

Lakini umri peke yake hautoshi, maana kila kizazi kina ujana wake. Kilichowafanya watu wa miaka ya themanini kuwa na nyimbo zilezile ni redio. Kwa Tanzania Bara, Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa sauti ya taifa, na redio binafsi hazikuja mpaka miaka ya tisini. Bendi zilirekodi katika studio za RTD, na wimbo uliopigwa jioni ulisikika Moshi, Songea na Kigoma kwa wakati mmoja. Juwata Jazz ilikuwa ya wafanyakazi, Vijana Jazz ya vijana wa chama, Mlimani Park ikilelewa na shirika la maendeleo la jiji la Dar es Salaam. Sukari ilikuwa ya foleni, sabuni hali kadhalika, lakini Sikinde ya Mlimani Park na Msondo ya Juwata zilimfikia kila mwenye redio na betri. Ukumbi wa leo ukiitikia kwa sauti moja, unakumbuka redio moja.

Arusha nayo ina sehemu yake katika historia hii, na huwa nasikitika ikisahauliwa. Ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga walipiga hapa mwaka 1970 wakiwa Arusha Jazz, kabla ya kuvuka mpaka na kuanzisha Simba Wanyika kule Kenya. Baadhi ya wanamuziki wa bendi hiyo walijitenga mwaka 1978 wakaunda Les Wanyika, ambayo hadi leo haikosekani kwenye usiku wa zilipendwa.

Na magoti ya mama? Mwaka 2015 watafiti wa Oxford waliwachezesha wanafunzi nchini Brazil. Waliocheza hatua zilezile kwa pamoja walihisi ukaribu zaidi na wenzao, na uwezo wao wa kustahimili maumivu ukapanda.

Vijana waliozaliwa baada ya 2000 nao huimba. Carol Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell na mwenzake Justin Zupnick waligundua mwaka 2013 kwamba vijana wa Marekani walikuwa na kumbukumbu na mapenzi ya pekee kwa nyimbo za ujana wa wazazi wao. Wamezisikia wakiwa wadogo, kwenye gari la baba na jikoni kwa mama.

Huko Uingereza na Marekani elimu hii imejengewa jukwaa: tamthilia nzima hushonwa kwa nyimbo ambazo watu tayari wanazijua. Mamma Mia! ilianza London mwaka 1999 kwa nyimbo za ABBA, na Rock of Ages ikapeleka roki ya miaka ya themanini Broadway mwaka 2009. Sisi hatuhitaji kutungiwa hadithi, kwa sababu dansi letu limebeba hadithi ndani yake. Wimbo huanza polepole, mwimbaji akisimulia kisa cha ndoa, deni au safari, kisha hulipuka kwenye chemko, sehemu ya kasi ya kuchezea, magitaa yakijibizana na tarumbeta zikapanda. Valorie Salimpoor na wenzake wa McGill, Kanada, walionyesha mwaka 2011 kwamba ubongo humwaga dopamini, kemikali ya raha, mara mbili: tunapoingoja sehemu tunayoipenda, na inapofika.

Kwa hiyo ma-DJ wa Arusha na Moshi, nawaomba sana: msiruke sehemu ya polepole ili mfike haraka kwenye chemko. Zile dakika tatu za kungoja ni nusu ya raha iliyomtoa mama nyumbani.