Je, wajua? Nukta nyekundu ya bunduki haimgusi ndege

Ubishi ulianzia kijiweni Sinza, kwenye video iliyokuwa ikizunguka WhatsApp. Mmarekani kakaa chini ya mti, kajifunika nguo za rangi ya majani. Bata mzinga dume anasogea huku katanua mkia, na ndani ya kioo kidogo kilichokaa juu ya bunduki kuna nukta nyekundu imetulia shingoni mwake. Mmoja wetu akasema hiyo ni leza, kama za kwenye sinema. Mwingine akauliza, sasa mbona ndege hashtuki?

Hashtuki kwa sababu hakuna alama yoyote nyekundu iliyotua kwenye manyoya yake. Nukta ile anaiona mlengaji peke yake.

Nyuma ya kifaa hiki cha kulengea, chini kabisa, kuna taa ya LED ndogo mno inayomulika kioo cha mbele. Kioo kimepakwa utando unaorudisha mwanga mwekundu na kuruhusu rangi nyingine zipite, ndiyo maana ukichungulia unaona ng'ambo ina ubuluu kidogo. Aliyewahi kupanda siti ya mbele kwenye daladala ameshauona mchezo huu: kibao cha Mbagala–Kariakoo kikilazwa juu ya dashibodi, maandishi yake huelea kwenye kioo, na barabara unaiona vilevile. Ila kioo cha daladala hakikupindwa kwa kazi hiyo. Hiki cha bunduki kimepindwa kwa hesabu, na LED imewekwa mahali ambapo miale yake ikigonga kioo inarudi jichoni ikiwa sambamba. Miale sambamba, kwa jicho, ni miale iliyotoka mbali mno. Kwa hiyo nukta inaonekana iko kulekule kwenye shabaha, wakati imezaliwa sentimita chache kutoka puani kwako.

Wazo lenyewe ni la kale. Howard Grubb, mtengenezaji wa darubini wa Dublin, alilichukulia hataza mwaka 1900, na katika Vita Kuu ya Pili marubani wa ndege za kivita walilitumia sana. LED nyekundu ilipatikana 1962, na mwaka 1975 kampuni ya Aimpoint ya Sweden ikatoa kifaa cha betri kwa ajili ya bunduki.

Faida ya nukta kuonekana mbali unaweza kuipima ukiwa unasubiri pantoni pale Magogoni. Funga jicho moja, nyoosha mkono, weka ncha ya kidole juu ya jengo lolote la ng'ambo, Kigamboni. Sasa sogeza kichwa kidogo tu. Kidole kimeshahama, kimefika kwenye jengo la tatu.

Shotigani ya kawaida, yaani bunduki inayorusha marisau (punje nyingi ndogo za chuma) kwa mpigo mmoja, inalengwa kwa kidole cha namna hiyo. Haina alama ya nyuma ya kulengea. Ina kishanga kimoja cha shaba kwenye mdomo wa mtutu, na alama ya nyuma ni jicho lako mwenyewe, ambalo halikai mahali pake mpaka shavu libanwe vizuri kwenye kitako. Kutoka jichoni hadi kwenye kishanga ni kama sentimita 90. Ukiinua kichwa sentimita 1, na kishanga bado umekiweka juu ya ndege, basi kwa umbali wa mita 30 marisau yatapita kama sentimita 33 juu ya pale ulipokusudia. Bata mzinga ataondoka na kichwa chake chote. Kwa nukta nyekundu, sentimita 1 ileile ya kichwa inabaki sentimita 1 kule kwenye shabaha, kwa kuwa miale iko sambamba na haitanuki. Ubishi wote kuhusu kifaa hiki mimi naumalizia kwenye hesabu hiyo.

Lakini mbona wawindaji wa ndege wamekitumia kishanga miaka yote bila malalamiko? Kwa sababu kanga anayekurupuka au kwale anayeruka halengwi hivyo. Macho yote mawili yako kwa ndege, mtutu unamfuata kwa mwendo, na marisau yaliyotawanyika yanafidia kosa dogo. (Kwa hapa Tanzania hilo nalo si la kujiamulia: bunduki ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na uwindaji una Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009.) Bata mzinga wa porini wa Marekani ni kazi nyingine kabisa. Usimfikirie yule wa kufugwa Kibamba anayesubiri Krismasi. Wa porini anakimbia, anaruka, analala mtini, na macho yake yaliyokaa pembeni mwa kichwa yanaona eneo pana sana. Mwindaji huketi bila kutikisika, akiiga sauti ya jike ili dume aje mwenyewe. Dume akitokea upande ambao hukumtarajia, hakuna kugeuka wala kukaa vizuri. Unafyatua ulivyo, umejipinda, shavu halijafika kwenye kitako. Na hata likifika, hamu ya kumwona ndege akianguka inamfanya mtu anyanyue kichwa.

Isitoshe, shabaha ni kichwa na shingo tu, ili afe papo hapo na nyama ya kifua isijae vyuma. Kwa ajili hiyo mdomo wa mtutu hufungwa kibano ili marisau yasitawanyike upesi, na siku hizi wengi hutumia marisau ya tangsteni, yenye uzito wa gramu 18 hivi kwa sentimita moja ya ujazo, wakati madini ya risasi yana 11.3. Matokeo yake, kwa mita 10 au 15 fungu la marisau bado ni dogo, karibu na upana wa ngumi. Shotigani imeshageuka kuwa kama raifo, bunduki ya risasi moja moja, na raifo huitaki na kishanga kimoja.

Kukifunga kifaa ndipo watu huharibu. Bunduki hizi hupiga teke kali, na skrubu iliyolegea haitaona risasi ya kumi. Bunduki nyingi za kazi hii hutoka kiwandani na matundu yenye nyuzi juu ya mwili wake. Isipokuwa nayo, hiyo ni kazi ya fundi bunduki mwenye leseni, msiipeleke kwa mtu wa kuchomelea. Reli fupi hufungwa hapo, na kifaa hukaa juu ya reli. Kichague kifaa kifupi, kikae chini kadiri inavyowezekana, maana kikipanda juu sana shavu linabaki linaning'inia hewani. Skrubu zifutwe mafuta kwa spiriti, zipakwe gundi ya nyuzi ya buluu, ambayo hufunguka kwa bisibisi. Nyekundu inataka moto ndipo iachie. Kabla ya kukaza, sukuma kifaa mbele mpaka kiguse ukuta wa mfereji wa reli. Bunduki ikipiga teke inarudi nyuma ghafla, na kifaa kwa uzito wake kinataka kubaki, yaani kinaivuta reli kwenda mbele. Kama ulikiacha na nafasi, kitaitumia. Kukaza kwenyewe ni kwa kipimo cha kiwanda, mara nyingi karibu nyutoni-mita 2. Mkono uliozoea nati za gurudumu hukata skrubu hizi bila kujua.

Kurekebisha nukta, ili ikae pale marisau yanapotua, hufanywa kwenye karatasi, kwanza mita 20 kwa risasi nyepesi ili bega lisichoke mapema, kisha mita 35 kwa risasi yenyewe ya kuwindia. Usitafute tundu moja. Tafuta katikati ya wingu lote la matundu, na upige zaidi ya karatasi moja. Vifaa vingi vya aina hii husogea dakika moja ya pembe (sehemu moja ya sitini ya digrii) kwa kila mlio wa skrubu ya kurekebishia, ambayo kwa mita 35 ni sentimita 1. Wingu likiangukia sentimita 8 kushoto, zungusha milio 8 kwenda kulia.

Mwanga wa nukta upunguzwe alfajiri, la sivyo inavimba na kumfunika ndege. Na ukiiona imechanua miiba badala ya kuwa duara, usikimbilie kurudisha kifaa dukani. Ipige picha kwa simu kupitia kioo kilekile. Ikitoka duara kwenye picha, kapimwe macho.