Je, wajua mvua ya kijiji kisicho na kipimamvua hukadiriwaje?

Mkoa wa Dodoma una msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na jumla yake kwa kawaida ni kama milimita 550 hadi 600. Lakini mawingu ya huku hayagawi sawa: shamba moja la mtama linalowa, la ng'ambo ya korongo halipati tone. Kiwanja cha ndege cha Dodoma kina kipimamvua, na Hombolo pia wanapima. Vijiji vingi vya Chamwino na Bahi havina chochote. Hata hivyo ramani ya mvua ya msimu ikitoka, kila kijiji kina rangi yake. Namba ya kijiji ambacho hakuna aliyepima imetoka wapi?

Njia mojawapo ya kuipata, na kwa maoni yangu ndiyo inayofaa kueleweka kwanza, inaitwa krigingi sahili. Inaanzia kwenye jambo ambalo kila mkulima analijua: palipo karibu hufanana kuliko palipo mbali. Tofauti ni kwamba hapa kufanana huko kunapimwa. Unachukua vipimamvua vyote vya eneo, unavilinganisha viwili viwili, na kuangalia jinsi tofauti ya mvua inavyoongezeka kadiri umbali unavyoongezeka. Mchoro wa uhusiano huo huitwa variogramu. Tofauti hupanda, kisha ikifika umbali fulani hutulia; kuanzia hapo kituo kimoja hakina la kusema kuhusu kingine.

Tuchukue mfano wa kubuni wenye namba nyepesi. Wastani wa eneo ni milimita 580. Kijiji chetu kipo kati ya vituo viwili: A kipo kilomita 10, B kipo kilomita 30 upande wa pili. Variogramu imetuambia kwamba uhusiano wa kijiji na A (ambapo 1 ni kufanana kabisa na 0 ni kutohusiana) ni 0.8, na B ni 0.5, na wa A na B wenyewe ni 0.4. Msimu huu A imepata milimita 700, B imepata 500.

Krigingi sahili haishughuliki na 700 na 500 moja kwa moja. Inauliza kila kituo kimeachana na wastani kwa kiasi gani: A imezidi kwa 120, B imepungua kwa 80. Kisha inatafuta uzito wa kila kituo ambao utafanya kosa linalotarajiwa liwe dogo kabisa. Milinganyo miwili inatosha: uzito wa A ukijumlishwa na 0.4 ya uzito wa B lazima utoe 0.8, na 0.4 ya uzito wa A ikijumlishwa na uzito wa B lazima itoe 0.5. Jibu ni 0.714 kwa A na 0.214 kwa B. Zidisha kila uzito na tofauti yake, jumlisha, ongeza kwenye 580: kijiji kinakadiriwa kupata karibu milimita 649.

Ukijumlisha uzito wa vituo hivyo viwili unapata karibu 0.93, si 1. Sehemu iliyobaki inakwenda kwenye wastani. Kijiji kikiwa mbali na vituo vyote, uzito wa vituo unashuka hadi sifuri na makadirio yanakuwa 580 tu.

Sasa weka kituo cha tatu ubavuni mwa A, umbali uleule wa kilomita 10 kutoka kijijini, chenye uhusiano wa 0.95 na A. Mtu angetarajia upande huo upate nguvu maradufu. Haupati. A na mwenzake wanagawana, kila mmoja 0.37, jumla 0.74 badala ya 0.71. Ni kama mashahidi wawili wa nyumba moja waliosikia kelele ileile: baraza halihesabu ushahidi wao mara mbili. Ukipima kwa umbali peke yake, jambo hili halionekani kabisa.

Fikra hii ilizaliwa migodini. Danie Krige, mhandisi wa madini wa Afrika Kusini, aliandika mwaka 1951 kuhusu dhahabu ya Witwatersrand. Sehemu ya mwamba ambayo sampuli zake zilionyesha dhahabu nyingi, ikichimbwa ilitoa pungufu ya matarajio. Iliyoonekana maskini ilitoa zaidi. Krige alionyesha kwamba sampuli chache zinapaswa kuvutwa kuelekea wastani wa mgodi. Miaka ya 1960 Mfaransa Georges Matheron aliijengea njia hiyo hisabati kamili na kuipa jina la Krige.

Udhaifu wake upo kwenye huo wastani. Lazima ujulikane kabla ya hesabu, na uwe mmoja kwa eneo zima. Ukichanganya nyanda za juu za Kondoa na mbuga za Bahi chini ya wastani mmoja, unaikosea Kondoa na Bahi vilevile. Ukiuchukua kutoka miaka michache yenye mvua kubwa kama ile ya El Niño ya 1997/98, kila kijiji kilicho mbali na vituo kitapewa mvua ambayo haikunyesha. Ndiyo sababu wengi hutumia ndugu yake, krigingi ya kawaida, inayolazimisha uzito ujumlishwe kuwa 1 na hivyo haihitaji kuambiwa wastani. Hata hiyo inafaa zaidi kwa jumla za msimu kuliko kwa mvua ya siku moja, ambayo vituo vingi husoma sifuri.

Kinachonifanya niithamini njia hii ni kwamba hutoa pia ukubwa wa kosa lake. Tuseme mvua ya eneo letu kwa kawaida huachana na wastani kwa milimita 150. Kwa vituo A na B, kosa la kawaida la makadirio ya kijiji ni milimita 85. Na kosa hilo linategemea mahali vituo vilipo, si mvua iliyosomwa humo, kwa hiyo linahesabika hata kabla kipimamvua kipya hakijanunuliwa. Kile cha tatu kikiwekwa ubavuni mwa A, kosa linashuka hadi 83. Kikiwekwa upande mwingine wa kijiji, kilomita 10 vilevile, penye uhusiano wa 0.7 na A na 0.5 na B, linashuka hadi 73.