Uchovu sugu (ME/CFS) na namna magazeti yalivyotuaminisha vibaya: maswali na majibu

Hivi huu ni ugonjwa kweli au mtu kachoka tu?

Ni ugonjwa kweli. Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye magonjwa ya mfumo wa neva tangu 1969. Mwaka 2015 wataalamu wa Marekani walikadiria nchini kwao kuna wagonjwa kati ya 836,000 na milioni 2.5, wengi hawajawahi kuambiwa na daktari wanaumwa nini. Kinachoutofautisha na uchovu wa kawaida ni hiki, mgonjwa akijitutumua kidogo tu, hata kuoga au kupiga stori na wageni, kesho yake au keshokutwa anaanguka vibaya, mwili unauma, akili haishiki kitu, mwanga na kelele vinamtesa, analala na akiamka bado yuko vilevile, na hali hiyo inaweza kukaa wiki nzima au zaidi. Kuna wasiotoka kitandani miaka na miaka.

Kwa nini watu wengi wanaamini ni mambo ya kichwani?

Imeanza zamani. Mwaka 1955 wafanyakazi karibu 300 wa hospitali ya Royal Free, London, waliugua ghafla kwa dalili zinazofanana na hizi. Mwaka 1970 madaktari wawili wa akili wakaandika kwamba ile ilikuwa taharuki ya kundi, na moja ya hoja zao ni kwamba wagonjwa wengi walikuwa wanawake. Wagonjwa wenyewe hawakuwahoji, walisoma mafaili tu! Miaka ya 80 magazeti yakauita mafua ya vijana wa mjini wenye hela, na hiyo picha ikaganda, mpaka leo habari ya ugonjwa huu inawekewa picha ya dada anapiga miayo mbele ya laptop, wakati mgonjwa halisi yuko chumba chenye giza.

Watu wanautaja sana utafiti wa PACE, kulitokea nini?

Hapa ndipo penye uzito. PACE ulifanyika Uingereza kwa wagonjwa 641, matokeo yakatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2011, kwamba mazoezi yanayoongezwa taratibu pamoja na tiba ya kubadili fikra vinasaidia. Magazeti yakabeba vilevile, fanya mazoezi utapona, na mwaka 2013 watafiti wakaongeza kwamba asilimia 22 ya waliopewa tiba hizo wamepona.

Sasa angalia vigezo vyao. Uwezo wa mwili ulipimwa kwa alama 0 hadi 100, alama nyingi ndio afya nzuri. Ili uingie kwenye utafiti kama mgonjwa ulitakiwa uwe na 65 au chini, lakini ili uhesabiwe uko sawa kwenye kipimo hicho ilitosha kuwa na 60. Yaani unaingia na 65, unashuka hadi 60, na kwenye kipimo hicho umeshavuka mstari wa kupona. Mpango wao wa mwanzo ulisema 85, wakaubadili njiani. Mgonjwa mmoja wa Australia aliomba data, chuo cha watafiti hao kikagoma, mwaka 2016 baraza la rufaa la Uingereza linaloamua kesi za haki ya kupata taarifa likaamuru zitolewe. Zilipopigwa hesabu upya kwa vigezo vya mwanzo, waliopona wakashuka hadi asilimia 4 kwa mazoezi na 7 kwa ile tiba ya fikra. Hayo ya vigezo yalikuwa yanaonekana kwa yeyote aliyesoma utafiti wenyewe badala ya taarifa fupi kwa waandishi, ila wagonjwa ndio waliosoma.

Kwani wagonjwa hawakupiga kelele?

Walipiga sana, na wakageuzwa wao kuwa habari. Waliandikwa kama wanaharakati wakorofi wanaotishia watafiti. Lile baraza la 2016 lilisema madai ya namna hiyo yaliyoletwa mbele yake yametiwa chumvi mno. Inaniuma hii, mtu anaumwa, anauliza swali la hesabu, anajibiwa kwamba ana matatizo ya tabia.

Upendeleo wa magazeti ni wa upande mmoja tu?

Hapana. Mwaka 2009 zilivuma habari za kirusi XMRV kwamba ndicho chanzo, wengine wakaanza kumeza dawa za kufubaza VVU. Kumbe ni sampuli zilichafuliwa maabara, utafiti ukafutwa 2011.

Ushauri wa sasa ukoje?

Oktoba 2021 taasisi ya NICE ya Uingereza, inayotoa miongozo ya tiba, iliondoa yale mazoezi ya kuongeza kwa ratiba. Sasa mgonjwa anashauriwa apangilie nguvu zake, apumzike kabla hajaishiwa. Dawa ya kuponya bado hakuna. Na baada ya Uviko-19 wapo wengi wenye dalili hizi hizi, kwahiyo ukiona ndugu yako anazidiwa kila akijikaza, usimlazimishe kukimbia asubuhi, mpeleke kwanza apimwe damu, tezi ya shingo, sukari na TB, na mwambie daktari wazi kwamba anazidiwa siku moja au mbili baada ya shughuli, maana dalili hiyo wengi hawaulizwi.