Wanayosema kuhusu straika, na yalivyo uwanjani

Katika dakika 90, straika hukaa na mpira miguuni kwa dakika moja au mbili tu. Muda wote uliobaki yuko uwanjani bila mpira, na kamera haina habari naye. Nadhani ndiyo maana anasemwa vibaya kuliko mchezaji mwingine yeyote, labda kipa tu ndiye anayemkaribia. Tunamhukumu kwa dakika hizo mbili, na maneno mengi yanayosemwa juu yake yanazaliwa hapo.

«Kazi yake ni kufunga. Asipofunga, hana kazi.»

Hili nami nililiamini hadi mwaka 2018. Ufaransa ilitwaa Kombe la Dunia kule Urusi huku namba 9 wake, Olivier Giroud, akicheza dakika 546 bila bao, na bila hata shuti moja lililolenga goli. Watu walimcheka. Lakini angalia mpangilio: mechi ya kwanza dhidi ya Australia alianzia benchi, na Ufaransa ikahangaika. Mechi zote zilizofuata, fainali ikiwemo, kocha Didier Deschamps alimwanzisha.

Alikuwa anafanya nini? Anawapa mabeki wa kati mgongo, anaupokea mpira mrefu kwa kifua huku anasukumwa, anauteremsha kwa mwenzake anayekuja mbio. Mabeki wawili wakishughulika na mtu mmoja, nyuma yao panabaki uwazi, na uwazi huo ndio chakula cha Kylian Mbappé na Antoine Griezmann, waliofunga mabao manne kila mmoja. Deschamps hakuwa mgeni wa jambo hili. Alikuwa nahodha mwaka 1998, Ufaransa ilipochukua kombe lake la kwanza, na straika wao wa wakati ule, Stéphane Guivarc'h, naye alimaliza mashindano bila bao.

«Ana bahati tu, mpira unamfuata.»

Winga akiinua kichwa kupiga krosi, muache winga, mtazame straika. Yuko katikati ya boksi, beki yupo ubavuni, karibu kumgusa. Straika anapiga hatua mbili kuelekea nguzo ya mbali, taratibu, kama mtu aliyekata tamaa. Sasa amejibanza nyuma ya bega la beki, na beki hawezi kumwona yeye na mpira kwa wakati mmoja. Beki anageuza shingo autazame mpira. Ni nusu sekunde tu. Straika anakata mbele yake kuelekea nguzo ya karibu, mguu unagusa, nyavu zinatikisika, na mtangazaji anasema «amejikuta peke yake». Hakujikuta. Mwendo huohuo ameshaufanya mara kadhaa tangu mechi ianze, ila krosi haikuja, kwa hiyo hakuna aliyeuona.

Gerd Müller alifunga mabao 365 katika mechi 427 za Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, mengi yakiwa ya karibu na goli, ya kugusa tu, ya kuusukuma mpira akiwa anaanguka. Bahati inayodumu misimu 14 itafutiwe jina lingine.

«Straika wa kweli hakosi.»

Anakosa, tena sana. Katika soka la kulipwa, kati ya mashuti kumi huingia moja hivi. Hata penalti, iliyoko mita 11 na kipa peke yake, huingia takriban tatu kwa kila nne. Kwa hiyo aliyegonga mtambaa wa panya mara moja na kupaisha mara mbili huenda anacheza vizuri kuliko aliyemaliza mechi bila shuti hata moja. Makocha hawaogopi sana straika anayekosa nafasi. Wanaogopa yule aliyeacha kuzifikia. Thierry Henry alipotua Arsenal mwaka 1999 alicheza mechi kadhaa bila kufunga, na waliomwita winga asiyejua goli hawakukosekana. Leo anashikilia rekodi ya klabu, mabao 228.

«Ukikataliwa kwenye akademi, basi tena.»

Robert Lewandowski aliachwa na Legia Warsaw akiwa na miaka 17. Akaenda Znicz Pruszków, daraja la tatu nchini Poland, akawa mfungaji bora, wakapanda, akawa mfungaji bora tena. Miroslav Klose alikuwa akijifunza useremala na kucheza timu ya kijijini kwao daraja la saba. Mwaka 2014 aliweka rekodi ya mabao 16 ya Kombe la Dunia. Jamie Vardy aliachwa na Sheffield Wednesday akiwa na miaka 16, akawa anafanya kazi kiwandani huku akicheza ligi za chini. Leicester City walimchukua mwaka 2012 akiwa na miaka 25, na mwaka 2016 walikuwa mabingwa wa Uingereza.

Ila tusijidanganye kwa upande wa pili pia. Majina haya tunayakariri kwa sababu ni machache. Wengi wanaoachwa wakiwa na miaka 16 au 17 hawarudi, na hata wengi wanaosaini mkataba wa kwanza hawafiki timu ya wakubwa. Kijana mwenye mkataba mkononi na cheti cha shule kabatini hajapoteza kitu.

«Straika lazima awe mrefu.» Lionel Messi ana sentimita 170, Sergio Agüero 173. Tuendelee.

«Akifika 30, kwisha habari yake.»

Mwili hauna kalenda ya namna hiyo. Luca Toni alikuwa kinara wa mabao Serie A, ligi kuu ya Italia, msimu wa 2014/15 akiwa na miaka 38, mabao 22, sawa na Mauro Icardi aliyekuwa kijana mbele yake. Vardy alichukua kiatu cha dhahabu, tuzo ya mfungaji bora, cha Ligi Kuu ya Uingereza akiwa na miaka 33, na huyo ni straika wa mbio. Roger Milla alifunga Kombe la Dunia mwaka 1994 akiwa na miaka 42.

Kinachomaliza straika mara nyingi ni mguu wenyewe. Just Fontaine, aliyefunga mabao 13 katika Kombe la Dunia moja mwaka 1958, alitundika daluga akiwa na miaka 28 baada ya kuvunjika mguu zaidi ya mara moja. Marco van Basten alicheza mechi yake ya mwisho ya ushindani Mei 1993, fainali ya klabu bingwa Ulaya, akiwa na miaka 28 pia. Kifundo cha mguu hakikumruhusu tena. Hawa ndio wa kukumbukwa mtu anaposema straika fulani ana haraka ya kutafuta mkataba mnono. Hana uhakika wa mwaka kesho.

«Ameuzwa milioni 222, sasa ni tajiri wa milioni 222.»

Euro hizo, alizohama nazo Neymar mwaka 2017 kwenda Paris Saint-Germain, zilikwenda Barcelona. Ada ya uhamisho hulipwa klabu inayompoteza mchezaji. Chake yeye ni mshahara, fedha ya kusaini na bonasi za mabao au za ushindi, kadiri wakala alivyojadiliana.

Na kuna fungu ambalo wengi hawalijui. Mchezaji akiuzwa kabla mkataba haujaisha kwenda klabu ya nchi nyingine, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23, hata kama ni timu ndogo isiyo na uwanja wake. Tangu 2022 FIFA ina chombo maalumu cha kusimamia malipo hayo. Lakini hesabu yake inafuata kumbukumbu za usajili, na timu iliyomchezesha mtoto miaka minne bila kumsajili popote itaishia kuitazama fedha kwenye habari za michezo.

«Amewekwa benchi, kocha hamtaki.»

Tarehe 22 Septemba 2015, Bayern Munich walikuwa nyuma 1-0 nyumbani dhidi ya Wolfsburg. Lewandowski, yuleyule wa Znicz Pruszków, alikuwa amekaa benchi kipindi chote cha kwanza. Aliingia baada ya mapumziko. Dakika ya 51 alifunga. Ilipofika dakika ya 60 alikuwa ameshafunga matano, na Pep Guardiola, aliyemweka benchi, alikuwa amesimama kando ya uwanja mikono kichwani.